Simu Haizimi Moshi Peke Yake: Inategemea Unaitumia Vipi

Siku hizi ukisoma tangazo lolote la huduma za simu utaambiwa kwamba kulipa kidijitali ni kutunza mazingira. Karatasi hakuna, foleni hakuna, safari hakuna, basi dunia imepona! Sisi tunaotoa huduma ya malipo kwa simu tungefurahi sana kama mambo yangekuwa rahisi hivyo. Lakini mteja wa Malindi, Watamu, Kilifi au Mtwapa ana haki ya kuuliza: je, ni kweli? Kulipa kwa simu kunapunguza moshi wa mji, ama ni maneno matamu tu ya biashara?

Msimamo wetu ni huu. Kunaweza kupunguza, tena sana, lakini si kwa sababu ya simu yenyewe. Simu inapunguza moshi ikifanya mojawapo ya mambo mawili: ikifuta safari ambayo ingechoma mafuta, au ikimwezesha mtu wa kipato kidogo kununua nishati safi kwa kiasi anachoweza. Nje ya hapo, simu ni urahisi tu, na urahisi wakati mwingine huongeza moshi.

Ufanisi wa kaboni ni kitu gani?

Neno linatisha lakini maana yake ni nyepesi. Chukua matatu mbili zinazotoka Malindi kwenda Mombasa, zote zimechoma dizeli sawasawa. Moja imebeba abiria kumi na wanne, nyingine wanne. Moshi ni uleule, lakini ya kwanza imefikisha watu kumi na wanne waendako. Hiyo ya kwanza ndiyo yenye ufanisi: kwa kila kilo ya kaboni iliyopanda hewani, watu wengi zaidi wamefaidika.

Hesabu ya mafuta nayo haifichiki. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Lita ya dizeli hutoa kama kilo 2.7. Ndiyo, hewa hiyo ni nzito kuliko mafuta yenyewe, kwa sababu kaboni ya mafuta inajiunga na oksijeni iliyo hewani.

Mtu anaweza kusema, "Kwani sisi huku Pwani tunachafua nini? Waambieni Ulaya na Marekani." Ni kweli. Mkenya wa kawaida hutoa kaboni kidogo mno akilinganishwa na watu wa nchi hizo, na hakuna anayepaswa kumwambia mtu wa Magarini akae gizani ili dunia ipoe. Lakini angalia upande wa mfuko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi, na miji yetu inazidi kupanuka. Kwa mwenye kipato kidogo, moshi ni pesa inayoteketea. Lita uliyochoma bila sababu umeilipia. Gunia la makaa lililoisha mapema umelilipia. Mji wenye ufanisi wa kaboni ni mji ambamo chakula kinaiva, samaki wanauzwa na watoto wanasoma usiku kwa gharama ndogo zaidi.

Safari ambayo haikufanyika

Kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanza nchini, kumtumia mama pesa kulikuwa na njia chache. Unampa kondakta bahasha na kuomba Mungu, unamtuma ndugu, au unaenda mwenyewe. Malipo ya stima yalikuwa siku nzima ya foleni. Leo tokeni inaingia ukiwa umekaa barazani.

Tuseme uko Watamu na una bili ya kulipa Malindi. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 45. Ukikodi boda, pikipiki itakunywa lita moja hivi ya petroli, yaani kama kilo mbili na nusu za kaboni kwa jambo la dakika tano. Ukipanda matatu iliyojaa, fungu lako ni kama kilo moja. Ukilipa kwa simu, umeme uliotumika hata mita yako ya nyumbani haiwezi kuuonyesha.

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Matatu ile ingeondoka hata bila wewe. Kubaki kwako nyumbani siku moja hakuzimi injini yake. Kaboni inapungua watu wengi wanapoacha safari hizo kila wiki hadi gari zinazozunguka zikapungua. Boda ni tofauti. Hiyo imewashwa kwa ajili yako, na usipoikodi kwa safari ile, petroli ile inabaki kwenye tangi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Unamtumia mzee wako aliye Marafa shilingi elfu mbili. Wewe umekaa, safi. Lakini mzee anatoka nyumbani, anapanda boda hadi kwa wakala kutoa pesa. Wakala naye noti zikimwishia anafunga kibanda na kupanda gari kwenda mjini kutafuta nyingine. Safari haijafutwa hapo. Imehamishwa tu kutoka kwako hadi kwa mzee na wakala. Safari inafutika kweli pale pesa inapobaki kwenye simu hadi mwisho: mzee analipa duka la jirani, dawa au tokeni moja kwa moja bila kuigeuza noti. Kwa hiyo tunapokuhimiza ulipe badala ya kutoa, tuna faida yetu, hatukatai. Lakini hapa faida yetu na ya hewa zinakwenda pamoja.

Na si malipo tu. Habari pia hufuta safari. Katika jimbo la Kerala, India, simu za mkononi zilifika kwa wavuvi wa pwani kati ya 1997 na 2001. Mtafiti Robert Jensen alifuatilia yaliyotokea na kuchapisha matokeo 2007. Kabla ya simu, mashua zilirudi kwenye soko la nyumbani tu, zikikuta samaki wamejaa na wanunuzi hakuna, na sehemu ya mavuno ikatupwa baharini huku soko la jirani likilia kwa njaa ya samaki. Baada ya simu, mvuvi alipiga akiwa bado majini, akajua wanunuzi wako wapi. Kutupa samaki kukaisha. Faida ya wavuvi ikapanda na bei kwa mlaji ikashuka kidogo. Mvuvi wa Ngomeni au Malindi anaijua hadithi hii bila kusomewa. Samaki aliyeoza dikoni amekula mafuta ya injini na barafu bure. Mama karanga aliyepigiwa mapema, akalipa kwa simu na kukuta mzigo wake umetengwa, ameokoa zaidi ya nauli.

Jiko ndilo lenye kesi kubwa

Kama kuna mahali ambapo malipo ya simu yanaweza kugeuza hesabu ya kaboni katika miji yetu, ni jikoni. Makaa yanayopikia Malindi na Mtwapa mengi yanatoka bara ya kaunti hii hii, huko Ganze na Magarini. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya makaa inaweza kula kilo tano hadi kumi za kuni. Kile kikopo unachonunua jioni ni mti mkubwa kuliko unavyodhani.

Sasa kwa nini mtu anunue makaa ya kopo kila siku, ilhali mwisho wa mwezi ametumia pesa nyingi kuliko mwenye gesi? Si ujinga. Kujaza mtungi wa kilo sita kunataka zaidi ya shilingi elfu moja kwa mpigo mmoja. Kopo la makaa linataka sarafu za leo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Umaskini una bei yake, na bei hiyo ni kununua kila kitu kwa vipande.

Hapo ndipo simu ina kazi ya kweli. Inaweza kuivunja ile elfu moja iwe vipande, na nishati ikabaki ileile safi. M-Kopa ilipoanza kuuza mitambo ya sola nchini 2012 ilitumia njia hiyo. Mtambo una kadi ya simu ndani, ukilipa kiasi kidogo cha siku unafunguka, usipolipa unajifunga. Koroboi ya mafuta taa ikatoka mezani. Gesi ya kulipia kwa mita inafuata mpango huohuo: mtungi unakaa nyumbani kwako, mita inahesabu, nawe unalipia kiasi cha kupikia chai tu ukitaka.

Lakini mteja, sikiliza kwa makini. Kulipa kidogo kidogo mara nyingi ni ghali kuliko kulipa taslimu. Kabla hujakubali, uliza swali moja: *nikimaliza kulipa, jumla yote itakuwa shilingi ngapi?* Muuzaji asiyeweza kukujibu kwa tarakimu moja, mwache aende.

Kuna pia stima. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa sana unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kaunti yetu ina mchango wake: mtambo wa sola wa Langobaya, Malindi, wenye uwezo wa megawati 52, ulioanza kazi mwishoni mwa 2021. Chungu cha mbaazi zilizolowekwa usiku kucha, kikipikwa kwenye sufuria ya presha ya stima, kinakula kama nusu uniti. Linganisha nusu uniti hiyo na makaa unayomaliza kwa mbaazi zilezile, utashangaa.

Tena saa unayopikia ina maana. Kaunti hii hii ina mtambo wa Rabai, megawati 90, unaochoma mafuta mazito. Mitambo ya namna hiyo huhitajika zaidi saa ambazo nchi nzima imewasha taa na majiko, kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati paneli za Langobaya zimelala. Mbaazi zilizoiva saa nane mchana na kupashwa moto jioni zina kaboni kidogo kuliko zilizopikwa saa mbili usiku. Mita za kidijitali zinaweza kuupima muda huo. Kinachokosekana ni bei ya mchana iliyo nafuu kwa mtu wa nyumbani, ili aone faida ya kupika mapema.

Betri barabarani

Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa. Mwendeshaji hasubiri kuchaji. Anafika kituoni, anatoa betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, analipa kwa simu, anaondoka. Bila malipo ya papo hapo na mfumo unaojua betri gani iko kwa nani, biashara hiyo haiwezekani. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto, ilhali mota ya umeme hupoteza kidogo tu. Na kwa kuwa stima yetu nyingi ni safi, hesabu inapendeza.

Ila boda wa Tezo au Matsangoni hawezi kununua pikipiki ya umeme kama betri ya karibu iko Mombasa. Vituo vya kubadilisha betri vikipangwa kando ya barabara ya Mtwapa, Kilifi, Gede hadi Malindi, mambo yatabadilika. Vikibaki jiji kubwa pekee, tutaendelea kungoja bei ya petroli inayotangazwa kila tarehe 14 ya mwezi huku roho ikidunda.

Urahisi una upande wa pili

Mwaka wa 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aligundua jambo la ajabu. Mashine za mvuke zilipoboreshwa zikala makaa ya mawe kidogo, Uingereza haikutumia makaa kidogo. Ilitumia mengi zaidi, maana kazi ya mashine ilikuwa rahisi na kila mtu akaitaka.

Tuyaone hayo hapa nyumbani. Zamani ukitaka soda mbili ulitembea hadi dukani. Leo unapiga simu, boda analeta, unalipa kwa simu. Soda mbili zimepanda pikipiki! Pesa uliyookoa kwa kutokwenda Malindi imegeuka safari nyingine tatu za mtaani. Ndiyo maana hatukubali mtu yeyote, hata sisi wenyewe, ahesabu safari zilizofutwa bila kuhesabu zilizoongezeka.

Vifaa navyo vina gharama. Majumba ya kompyuta yanayohifadhi data duniani yalikula kama asilimia 1.5 ya umeme wote mwaka wa 2024. Taka za kielektroniki zilifika tani milioni 62 mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Sehemu kubwa ya kaboni ya simu yako ilitoka kiwandani, kabla hujaitia chaji hata mara moja. Fundi anayekubadilishia kioo na betri pale mjini anatunza mazingira kuliko duka linalokusihi ununue mpya kila mwaka.

Huko China, kampuni ya malipo ya Alipay ilianzisha 2016 mpango uitwao Ant Forest. Mtumiaji akitembea kwa miguu, akipanda basi au akilipa bili kwa simu, anapata alama. Alama zikitosha, mti wa kweli unapandwa kwenye nchi kavu. Kufikia 2019 miti zaidi ya milioni 100 ilikuwa imepandwa, na Umoja wa Mataifa ukautunuku mpango huo. Ni jambo zuri. Lakini alama zinahesabu ulichookoa, hazikutozi kwa kile ulichonunua kupitia programu hiyohiyo. Na ili upewe alama, kampuni inabidi ijue ulikwenda wapi na umelipia nini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwetu sisi mti haupandwi kwa kubadilishana na siri za mteja asiyekubali.

Tunachodai, pamoja na kwetu wenyewe

Kama kununua nishati safi kwa vipande ndiyo njia ya mtu wa kipato kidogo, basi ada kwenye vipande hivyo ni adhabu. Anayelipa mara moja kwa mwezi anakatwa ada mara moja. Anayelipa kila siku anakatwa mara thelathini. Makaa ya kopo hayana ada. Tunamsukuma arudi kwenye makaa kwa mikono yetu.

Tumeona kwamba inawezekana kufanya vingine. Machi 2020, korona ilipoingia, ada za kutuma hadi shilingi 1,000 ziliondolewa nchini hadi mwisho wa mwaka huo, na huduma hazikuanguka. Kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Mzigo huo humfikia mteja.

Msimamo wetu: malipo madogo ya stima, sola, gesi ya mita na nauli ya gari la umma yasiwe na ada kwa mteja. Serikali nayo iyaondolee ushuru. Tunasema hivi tukijua kwamba sehemu ya mapato yetu inatokana na ada hizo. Kampuni inayojiita rafiki wa mazingira ipimwe hapo, kwenye orodha yake ya ada, si kwenye rangi ya kijani ya matangazo yake.

Wewe unaweza kuanzia wapi?

- *Lipa, usitoe.* Kabla ya kumtumia mtu pesa ya dawa au tokeni, muulize kama unaweza kulipia moja kwa moja.
- *Kusanya shughuli.* Ukilazimika kwenda mjini, fanya mambo matatu kwa safari moja, na upande gari la wengi.
- *Piga kabla ya kwenda.* Uliza kama ofisi iko wazi, kama dawa ipo, kama samaki wamefika. Safari ya bure ndiyo ghali kuliko zote.
- *Andika matumizi ya makaa ya mwezi mmoja.* Taarifa ya miamala yako itakuonyesha ya gesi na tokeni, lakini kopo la taslimu halionekani popote usipoliandika. Kisha linganisha.
- *Pika vinavyochukua muda mchana* kama una stima.
- *Tengeneza simu,* usikimbilie mpya.
- *Jihadhari na wauza kaboni.* Mtu akikupigia simu kwamba uwekeze kwenye "hisa za kaboni" au umlipe ada ili upokee fidia ya mikoko, kata simu. Usimpe nambari ya siri, na usitume chochote ili upate kitu.

Mwezi huu jaribu moja tu kati ya hayo, na uandike ni shilingi ngapi zimebaki mfukoni. Hizo shilingi ndizo kipimo cha kwanza. Ukiona zimebaki, ujue kuna petroli au makaa mahali fulani ambayo hayakuchomwa.